Shokapu Nne Mpya na Barabara Iliyopotea

Kwa Mhandisi Mkuu wa Barabara,
Ghorofa ya pili, mlango wenye zulia.

Yahusu: Kupotea kwa barabara ndani ya gari langu

Ndugu Mhandisi Mkuu,

Jumanne ya wiki iliyopita, kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, tulipoteza barabara yenye urefu wa kilomita kumi na tisa. Haikusombwa na mvua, wala hakuna aliyeiba kifusi chake. Ilipotea mchana kweupe, ndani ya gari langu mwenyewe, nikiwa nimeshika usukani kwa mikono miwili, na aliyeipoteza alikuwa ameketi kando yangu, amefunga mkanda kama sheria inavyotaka.

Mimi ni muuza mayai. Nilianza na trei moja kichwani, na sasa nina duka lenye mlango wa chuma na gari la porini, la kijani, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Sikurithi kitu isipokuwa kisogo cha marehemu baba. Elimu yangu ni ya kuhesabu: yai viza nalijua kwa kulitikisa, na hesabu viza naijua kwa kuisoma mara moja. Nakuandikia kwa heshima zote, na kabla ya kuzituma nimezihesabu, zimetimia. Ila zina nyufa.

Malalamiko yangu nimeyapa namba ili asije mtu wa ofisini kwako akasema hakujua aanzie wapi.

1. Kwanza ni ukarimu wetu, ambao ndio uliotuponza.

Gari la ukaguzi la ofisi yako limekaa juu ya mawe nyuma ya jengo, na paka wa mlinzi ameshazaa humo mara mbili. Kwa sababu hiyo mmeweka utaratibu kwamba mwenye barabara mbovu ndiye anayemfuata mkaguzi na kumrudisha. Ni sawa na kumwambia mgonjwa ambebe daktari mgongoni hadi hospitali, ili akapimwe kama ana nguvu za kusimama. Hatukulalamika. Wakazi tulikaa kikao katika darasa la tatu, tukiwa tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto, tukakubaliana kwamba gari langu ndilo litakalokwenda.

Hapo ndipo busara ilipotuzidi kimo. Mtu mmoja alisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama mwenye duka la dawa akadakia, "Jamani, yule ni mtu mzima. Mtamvunja kiuno kabla hajafika. Akifika amevunjika, ataandika kwa mkono gani?" Kikao kizima kikanigeukia, maana gari langu wanalijua. Lilikuwa bado na shokapu za kiwandani, yale mabomba manne yanayokaa karibu na magurudumu ili gari lisidunde, na zangu zilikuwa zimechoka hadi zinatoa machozi ya mafuta. Ukibonyeza boneti mara moja, gari lilikuitikia mara nne, kama mjumbe wa kamati anayekubali kila kitu.

Nikalipeleka gereji, kwa fundi tunayemwita Bila Kelele. Jina hilo linahusu magari anayoyatengeneza. Mdomo wake haumo. Alitandika gunia, akaingia chini ya gari, akagonga mara mbili kwa spana, akatoka na hukumu. "Bosi, hizi ni za kiwandani. Kiwandani kwao kuna lami. Walizijaribu kwa kwenda kuchukua watoto shule. Wewe umewaletea vita watu waliokuja harusini."

Nikamuuliza mpya zitafanya nini. Akafuta mikono, akanishika bega. "Nikikufungia hizi, utapita juu ya shimo, na shimo ndilo litakalouliza nani kapita."

Kazi ilichukua siku nzima. Aliinua gari kwa jeki, akaliweka kwenye stendi, akatoa magurudumu. Nati za juu zilikuwa zimeoana na kutu kwa ndoa isiyo na talaka. Alizibembeleza kwa mafuta, kisha kwa nyundo, kisha kwa maneno ambayo siwezi kuyaandikia ofisi yenye zulia. Shokapu mpya zilikuwa nyekundu, nene kama mkono wa mbeba mizigo, na ndani zina gesi. Akaziweka na mipira mipya juu na chini, akaniambia niangalie na nijifunze: "Springi inabeba, bosi, lakini springi peke yake ni mtoto aliyeona wageni, haachi kuruka. Shokapu ndiyo lile jicho la mama." Sitaji bei. Barua hii haidai fedha, na bei yenyewe nikiitaja nitaloanisha karatasi.

Nikabonyeza boneti. Gari liliitikia mara moja, likanyamaza. Nikafurahi. Nakuomba uliandike hilo popote mnapoandika makosa: nilifurahi.

2. Pili ni safari yenyewe.

Mkaguzi wako nilimchukua mlangoni pa ofisi. Ni mtu mpole, ana mkoba wa ngozi na kofia ngumu ya manjano. Akapanda, akaketi, akapapasa kiti, akasema, "Lo, gari limetulia hili, kaka." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kuhusu barabara yetu akiwa macho.

Ndugu Mhandisi, mashimo yetu tumeyapa majina, kwa sababu kutomwita kwa jina mtu unayekutana naye kila siku ni utovu wa adabu. La kwanza linaitwa Karibu Nyumbani. La pili ni Bibi Harusi, kwa kuwa hapo huendi ila hatua kwa hatua, na watu wa kando wanakutazama. Kisha kuna kilomita tatu za matuta madogo madogo tunazoziita Ubao wa Kufulia. Kilomita ya kumi na moja kuna Mahakama. Tumeliita hivyo kwa sababu mkiingia, wote mnasimama.

Mkaguzi alilala kabla ya Karibu Nyumbani. Kwa Bibi Harusi kidevu chake kilikuwa kifuani. Kwenye Ubao wa Kufulia alianza kukoroma, tena kwa mpangilio. Nikakohoa. Nikaimba. Nikampigia honi mbuzi ambaye hakuwepo. Kumtikisa sikuweza, umri wake ni wa baba yangu mdogo, na mimi nimelelewa. Nikaona dawa ni kuacha kukwepa. Nikayaingia mashimo katikati, moyoni kabisa. Mahakama niliipita mara tatu: kwenda, kurudi, na kukata rufaa. Mtukufu hakusimama. Shokapu zilimeza kila kitu, zikanyamaza nacho, kama mke mwenye siri.

Tulipofika mwisho wa barabara, wakazi walikuwa wamejipanga getini kwa dada yangu, wamevaa vizuri, mmoja ameshika maua. Walilizunguka gari wakamtazama kupitia kioo kama watu waliokuja kuona mtoto mchanga. Hakuna aliyethubutu kugonga. Mzee wa mashine ya kusaga alinong'ona, "Amechoka, masikini. Kazi ya kukagua ni ngumu." Nikageuza gari. Aliamka mwenyewe mlangoni pa ofisi yako, akashuka, akanipa mkono, akasema, "Ahsante sana. Nimeona."

3. Tatu ni ripoti, ambayo mmeibandika ubaoni bila haya, na kwa gundi nzuri.

Inasema: "Barabara inapitika vizuri. Abiria hasikii chochote."

Basi. Maneno sita. Kilomita tatu na ushee kwa kila neno. Kwa maneno hayo sita mmetuondoa kwenye orodha ya greda, na zamu yetu mmeipa barabara nyingine, ambayo ina lami tayari, na inapita mbele ya nyumba ya mtu ambaye sitamtaja, kwa kuwa barua hii inakwenda kwake. Mkaguzi naye sasa ana jina huku kwetu. Watoto wanamwita Bwana Hasikii, na wezi wa mashambani wanaomba apewe ulinzi wa usiku, ili wajue pa kupita.

4. Mimi si mtu wa kubishana na ofisi. Naikubali ripoti. Naikubali yote, na ninachoomba ni tuifuate hadi mwisho, kama mnavyotufundisha.

Kama barabara ni nzuri kwa sababu shokapu zangu ni nzuri, basi barabara ni shokapu. Nimezipima. Kila moja ina sentimita sitini. Zikilazwa chini kwa kufuatana, zote nne ni mita mbili na sentimita arobaini. Maana yake kila sentimita moja ya chuma changu imebeba mita sabini na tisa za barabara yenu. Hakuna mkandarasi katika ofisi yako aliyewahi kufikia kiwango hicho. Bila Kelele aliijenga barabara yote kwa siku moja, amelala chali.

Kwa hiyo naomba kila anayetumia barabara hii apewe shokapu zake, kwa haki na usawa. Hesabu nimeshaifanya ili nisiwasumbue. Watoto wa shule mia mbili na sita, moja kwa kila mguu: mia nne na kumi na mbili. Mkunga, mbili za baiskeli na moja ya mkunga mwenyewe: tatu. Matoroli tisa, moja moja: tisa. Wabeba jeneza sita: kumi na mbili. Jumla ni mia nne thelathini na sita. Marehemu hatumwombei kitu, kwa kuwa yeye ameshatimiza masharti ya ripoti: hasikii chochote.

5. Kila barabara huzinduliwa, na yetu isionewe. Naomba aje kiongozi mwenye cheo kinachostahili utepe. Kwa kuwa barabara yenyewe iko chini ya gari langu, itabidi mgeni rasmi alale chali juu ya gunia, aingie kichwa kwanza, akate utepe karibu na gurudumu la nyuma la kulia, ambako kuna mwanga. Hotuba atoe humohumo. Wananchi watapiga makofi watakapoona viatu vyake vinatikisika. Kibao cha uzinduzi tutakifunga kwa waya kwenye ekseli, na tunaahidi hakitaonekana na mtu yeyote, kama vile vingine.

6. Isitoshe, naona ni uchoyo hekima hii ibaki kwenye barabara tu. Naomba uwaandikie wenzako wa idara nyingine. Mkaguzi wa maji aje na chupa yake; akishakunywa aandike kwamba bomba linatoka. Mkaguzi wa zahanati apewe kwanza dawa ya maumivu, ndipo aulizwe kama kuna mgonjwa. Wa umeme aje saa sita mchana, jua likiwa utosini, awashe taa, aseme anaona vizuri. Wa shule akae na mtoto wake mwenyewe, yule anayesoma mjini, ampe hesabu ya kugawanya, na mtoto akipata, shule yetu ifutiwe ombi la mwalimu. Ndani ya mwaka mmoja hatutakuwa na shida hata moja iliyoandikwa, na hapo sote tutalala. Wengine mmeshatangulia.

7. Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sikutaka kuliandika, na naomba hapa usicheke hata kama umecheka huko juu.

Mwisho kabisa wa barabara, nyuma ya mashine ya kusaga, anakaa dada yangu mkubwa. Ndiye aliyenilea. Trei ile ya kwanza niliyobeba kichwani ilitoka kwa kuku wake watatu. Leo ana kuku mia nane wa mayai, na wote pamoja wanakula magunia mawili kwa siku. Chakula chao kilikuwa kinakuja kwa lori. Lori hilo lilivunja ekseli pale Mahakama, na dereva akashuka, akavua kofia, akatuapia mbele ya mashahidi: "Mpaka greda lipite, ndugu zangu, mimi na nyie ni salamu tu." Tangu hapo chakula nakibeba mimi, magunia kumi kwa safari, na duka nimemwachia jirani ambaye kwake trei inajaa ikifika ishirini na tisa.

Dada alikuwa ameshakata tamaa, anataka kuuza kuku wote. Ni mimi niliyemwomba angoje. Nilimwambia kwa mdomo wangu, "Dada, ukaguzi unakuja, mkaguzi nitamleta mwenyewe, atayaona kwa macho yake." Akangoja. Jumanne ile alisimama getini na kitambaa kipya kichwani, akamwona mkaguzi wako anapita mbele yake kichwa kimelala begani, salama salimini, kama yai kwenye pamba.

Hakunifokea. Angenifokea ningeshukuru. Alikuja dirishani upande wangu, akasema polepole, "Nilikutuma umlete mkaguzi, au umbembeleze? Ulimwonyesha barabara, au ulimwonyesha godoro?" Kisha akaingia ndani kupima chakula cha jioni. Tangu siku hiyo ananiita mteja. "Mteja, mayai yako yako pale." "Mteja, funga geti ukitoka." Mimi, ambaye alinifunga vifungo vya shati hadi nikafika darasa la nne.

Mnunuzi anakuja Jumamosi saa mbili asubuhi. Anakuja na pikipiki nane zenye matenga. Kila moja itabeba kuku hamsini, safari mbili, na hesabu imekwisha. Si mfugaji. Anakwenda kuwachinja. Kuku anayetaga kila siku ya Mungu, ambaye hajawahi kuchelewa kazini wala kulala kazini, anakwenda kukatwa shingo kwa ajili ya maneno sita.

8. Nane ni ombi, na ni dogo kuliko yote.

Shokapu zangu za zamani, zile za kiwandani, sikuzitupa. Nimezifuta mafuta, nazo zinaning'inia kwa waya ghalani, kati ya magunia. Naomba Mkaguzi arudi kabla ya Jumamosi, na safari hii nimbebe kwa shokapu hizo, zinazosema kweli. Mto wa kiti nitautoa. Mkanda atafunga, kofia yake avae, hapo ataihitaji. Zile nyekundu zitabaki nyumbani chini ya kitanda ili zisije zikamdanganya tena mtumishi wa umma. Nina hakika, tena hakika ya mtu anayeuza kwa kuhesabu, kwamba mtu yeyote mwenye uti wa mgongo akipita Mahakama na shokapu za kiwandani, ataamka, atasimama, na ataandika kitabu kizima.

Kwa hiyo nauliza, na naomba nijibiwe ndiyo au hapana. Yale ya "suala lako linafanyiwa kazi" nimeshayapokea, ninayo ya kutosha, nimeyatandika chini ya vifaranga. Je, ofisi yako itamleta Mkaguzi kwa shokapu za kiwandani, au inathibitisha kwa maandishi na muhuri kwamba shokapu zangu nyekundu ndizo barabara? Jibu nilipate kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Saa sita na dakika moja nitakuwa nimeshaanza kufunga kuku miguu.

Nisalimie karani wako, anayeandika mwandiko mzuri wa mambo mabaya. Nisalimie mlinzi na paka wake, na wale watoto waliozaliwa garini, ndio watumishi pekee wanaolitumia gari hilo ipasavyo. Lisalimie greda ukiliona, na wewe unaliona. Wasalimie wote nyumbani, ambao nasikia siku hizi wanafika bila vumbi.

Wako ninayekungoja nikidunda,
Muuza mayai, mwenye gari la kijani.

Nyongeza, Alhamisi, saa nane mchana:

Ndugu Mhandisi, barua hii niliifunga jana, na leo, kabla hujaipata, nimelazimika kuifungua. Jana hiyohiyo Bila Kelele alinirudishia shokapu za kiwandani kwenye gari, ili ukisema ndiyo nisikucheleweshe. Asubuhi nimefika kwenye jengo lako kuileta, nikamkuta Mkaguzi ngazini. Akaniuliza kama ninarudi upande wa kwetu, kuna kiwanja anataka kukitazama. Nikaona Mungu hamtupi mja wake. Akapanda, akapapasa kiti nilichokitoa mto, akasema, "Lo, gari limetulia hili, kaka."

Akalala kabla ya Karibu Nyumbani.

Nimeyaingia yote, hakuna nililolisamehe. Kwenye Ubao wa Kufulia mkono wake wa kulia ulianza kutia saini hewani, karatasi baada ya karatasi. Tulipoingia Mahakama alisimama, ndiyo, alisimama kabisa, kofia ikagonga paa mara mbili kwa kishindo, naye akasema kwa sauti ya heshima, macho yamefumbwa, "Ingia, mlango uko wazi."

Nimemfikisha hivyo hivyo hadi uani kwa dada. Dada ametoka na ndoo mkononi, amemtazama, akaniuliza, "Umefunga zile nyekundu?" Nikamwambia hapana, hizi ni za zamani. Hakuniamini. Ameweka ndoo chini, amebonyeza boneti kwa mikono miwili, na gari likaitikia mara nne. Mkaguzi hakuitikia hata mara moja. Dada akacheka mpaka akashika kiuno. "Mdogo wangu," akaniambia, "tumevisingizia vyuma vya watu."

Mdogo wangu, kasema. Umesikia.

Kwa hiyo naomba ufute namba moja hadi namba sita. Shokapu hazina kosa, za kiwandani wala mpya, na Bila Kelele anadai kuombwa radhi, nami nimemwomba. Namba ya saba iache kama ilivyo, Jumamosi haijafutika. Namba ya nane nimeibadilisha, na siwezi tena kungoja Ijumaa. Barua hii anakuletea Bila Kelele kwa pikipiki. Mpe jibu kwa mdomo, atalifikisha lote na la kuongeza. Tumejaribu honi, tumejaribu maji ya uso, tumefungua milango yote mitano pamoja na wa nyuma, na tumemleta karibu na kuku mia nane wenye njaa. Wewe umekaa naye kazini miaka yote, lazima unajua. Naomba jibu la moja kwa moja, leo, kabla ya saa kumi jioni: huyu bwana huamshwa na nini? Maana bado yumo garini, na kuku hawajala.